Bibi na bwana wa matofali: kado ya ndoa ya sentimetre 4

Wakati wa ndoa tumezoea kutoa masufuria, mablanketi ao bahasha ya franga. Hatuone ubaya: nyumba mupya inaomba sufuria mbele. Lakini kuna kado ingine yenye watu wa Ulaya wanapenda, na fundi wa mikono wa kwetu anaweza kuijaribu: kutengeneza bibi na bwana kwa vipande vya Lego, yale matofali ya plastiki yenye batoto banachezeaka.

Kamutu ka Lego, kenye kutembeza mikono na miguu, kalitoka Denmark mwaka 1978. Urefu ni sentimetre 4 tu. Kichwa, nywele, kifua, miguu: kila kipande kinatoka na kinapachikwa kwa kingine. Njo maana unaweza kukamata nywele za huyu na kifua cha yule, mpaka sura ya rafiki yako itokee.

Hapa tusimame kidogo. Kwa miaka 25, tubatu karibu tote tulikuwa na uso wa manjano. Ni mwaka 2003, na wachezaji wa basket wa Marekani, njo zikatoka rangi za ngozi ya kweli. Basi tafuta vichwa vya kahawia, na viganja pia, maana navyo vinatoka. Wengi wanasahau viganja: bwana anakuwa na uso wa kwetu na mikono ya mugonjwa wa homa ya manjano!

Kwa kanzu ya bibi, wanaondoa miguu na kuweka tofali lenye muteremko. Inapendeza, lakini mama huyo hataikala hata siku moja. Kikwembe cha plastiki, kusema kweli, hatujakiona. Kamata rangi ya akriliki na burashi nyembamba, ujaribu kwanza ku kipande cha bure.

Kwa bwana wa mugodi, kaske iko. Michezo ya Power Miners ya mwaka 2009 ilikuwa na wachimbaji, taa na sururu. Ujue tu: ukiweka kaske, nywele zinatoka.

Kosa lenye linatukasirisha ni hili: bwana anapewa kaske na sururu, mama anapewa maua tu. Kama ni muganga, mwalimu, muuzaji wa soko, ao yeye pia anachagua mawe, mupatie kitu cha kazi yake mukononi. Na uliza mukubwa wa familia mbele ya kununua. Kuna bwana mwenye mugodi ulimukamatia ndugu. Ile kaske, ku siku yake ya furaha, itamuumiza. Huyo umuvalishe suti.

Mwisho, chini yao weka kipande cha malakiti, jiwe letu la kijani, lenye limekwisha kusuguliwa. Usilikate mwenyewe, vumbi yake ni mubaya. Na kado ikae juu ku etajere, mbali na batoto ba chini ya miaka 3: kaske kamoja kanaziba koo.