Saa Mbili kwa Wiki: Kazi ya Kuwaongoza Wasimamizi wa Ziara za Familia

Nchini Marekani, malezi ya kambo ni utaratibu wa kisheria ambao mtoto aliyeondolewa kwao kwa amri ya mahakama, aghalabu kwa sababu ya kutelekezwa, kupigwa au wazazi kuzama katika dawa za kulevya, huwekwa kwa muda, mara nyingi katika familia nyingine, iwe ya ndugu au ya watu baki, huku dhamana ya ulinzi wake ikibaki mikononi mwa serikali ya jimbo. Takwimu za serikali kuu zinaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2022 watoto wapatao 369,000 walikuwa katika malezi hayo, na kwamba karibu nusu ya wanaotoka humo hurejea kwa wazazi au walezi wao wa awali. Kati ya siku ya kuondolewa na siku ya kurejea, mzazi na mwanawe huunganishwa na ziara za familia, yaani nyakati zilizopangwa za kuonana, ambazo mara nyingi hufanyika mbele ya mtu wa tatu aliyepewa kazi ya kulinda, kusaidia na kuandika anachokiona. Makala haya yanamhusu mtu huyo wa tatu, na zaidi kiongozi anayempangia kazi, anayemfunza na anayewajibika kwa kila anachokiandika.

Uzito wa ziara hizo hauonekani mpaka sheria isomwe pamoja na kalenda. Sheria ya shirikisho ya 1980 iliyataka majimbo yafanye juhudi za kuridhisha za kuziweka familia pamoja au kuziunganisha upya, na sheria nyingine ya 1997, inayohusu kuasili na usalama wa familia, ikaziwekea juhudi hizo ukomo: mtoto akishakaa katika malezi ya kambo kwa miezi 15 kati ya 22 iliyopita, jimbo kwa kawaida hulazimika kufungua shauri la kumwondolea mzazi haki zake, isipokuwa mtoto awe analelewa na ndugu, au kuwe na sababu nzito inayoonyesha kwamba hatua hiyo haina manufaa kwake, au jimbo lenyewe liwe limeshindwa kuipa familia huduma iliyostahili. Miezi 15 ni takriban wiki 65, hivyo mzazi anayeruhusiwa kumwona mwanawe mara moja kwa wiki kwa saa mbili atakuwa amepata, asipokosa hata ziara moja, saa 130, ambazo hazifiki siku sita. Ni kutokana na siku hizo pungufu ya sita ndipo hupatikana sehemu kubwa ya kile ambacho hakimu atakijua kuhusu mzazi na mwanawe wanapokuwa pamoja. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika shauri la Santosky dhidi ya Kramer, kwamba haki za mzazi haziwezi kufutwa bila ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi, na ushahidi wa aina hiyo huandikwa, kwa kiasi kikubwa, na msimamizi wa ziara.

Thamani ya saa hizo ilianza kufahamika hospitalini kabla ya kufahamika mahakamani. Wadi nyingi za watoto nchini Uingereza, hadi miaka ya 1950, ziliwaruhusu wazazi kufika kwa nadra tu, kwa hoja kwamba mtoto hulia mzazi anapoondoka na hutulia asipomwona. James Robertson, aliyefanya kazi jijini London pamoja na daktari wa akili John Bowlby, alionyesha katika filamu ya 1952 juu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa kwamba utulivu huo haukuwa nafuu, kwa kuwa mtoto aliyetengwa na mamaye hupinga kwanza kwa kilio, kisha hukata tamaa, na hatimaye hujitenga kiasi cha kumpokea mama kama mpita njia. Kutokana na kazi ya Bowlby ilienea dhana ya mfungamano, yaani kile kifungo cha hisia kinachomfanya mtoto amkimbilie mtu fulani anapoogopa. Mwaka 1978, David Fanshel na Eugene Shinn walichapisha utafiti wao uliowafuatilia watoto 624 wa malezi ya kambo katika jiji la New York kwa miaka mitano, ambao uligundua kwamba waliotembelewa mara kwa mara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani. Matokeo hayo yanataka kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa mzazi mwenye nguvu ya kufika kila wiki huenda ndiye pia mwenye nguvu ya kuacha pombe na kupata nyumba.

Usimamizi wenyewe una madaraja yake. Katika daraja la juu msimamizi hukaa chumba kimoja na familia, akiona na kusikia kila kitu. Katika daraja la kati huchungulia kwa vipindi. Katika la chini mzazi na mtoto huachwa peke yao, pengine bustanini au nyumbani. Kazi haianzi mtoto anapoingia mlangoni, maana nusu saa kabla yake mzazi anahitaji kuambiwa kwamba mtoto ana mafua, kwamba ameanza kukataa uji, kwamba huenda leo asimkumbatie. Marty Beyer, mtaalamu wa saikolojia aliyeendeleza mbinu ya kumwelekeza mzazi wakati wa ziara, alimtoa msimamizi katika kiti cha pembeni na kalamu yake, akamsogeza karibu na mzazi, ili wapange pamoja kabla ya ziara mahitaji ya mtoto yatatimizwaje, na wazungumze baada yake juu ya yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Sehemu ngumu kuliko zote ni kuagana, ambako msimamizi mzoefu hukutayarisha kwa kumjulisha mtoto dakika kumi kabla, kumwacha mzazi mwenyewe amvalishe koti, na kuzuia ahadi ambayo hakuna aliye chumbani mwenye mamlaka ya kuitimiza, ile ya kwamba wiki ijayo watarudi pamoja nyumbani.

Anayewaongoza watu wa kazi hii ana majukumu matatu, kwa mgawanyo ambao Alfred Kadushin aliufanya ujulikane katika taaluma ya ustawi wa jamii tangu miaka ya 1970: utawala, ufundishaji na utegemezo. Utawala katika timu hii ni hesabu ya magari, madereva, vyumba na viti vya watoto vya garini, na ni hapo ambapo saa za mzazi hupotea kimyakimya. Dereva mmoja akiugua, ziara kadhaa huanguka siku moja, na aliyepanda mabasi mawili kuja kumwona mwanawe huambiwa mlangoni arudi wiki ijayo, ingawa kalenda ya miezi 15 haisimami kumsubiri. Jimbo la Washington limeliwekea jambo hili mipaka katika sheria yake, inayotamka kuwa kuonana ni haki ya familia, inayotaka ziara ya kwanza ifanyike ndani ya saa 72 tangu mtoto akabidhiwe kwa idara isipokuwa mahakama ione sababu zisizo za kawaida, na inayokataza kupunguza ziara kama adhabu kwa mzazi asiyetii maagizo pale ambapo usalama wa mtoto hauko hatarini. Kwa mantiki hiyo, kiongozi hawezi kumwachia msimamizi aliyechoka amfutie mama ziara kwa kuwa alijibu kwa ukali, ijapokuwa anaweza, na anapaswa, kuisimamisha palepale mzazi anapofika amelewa au anapomtisha mtoto.

Ufundishaji, kwa upande wake, hukaa zaidi katika lugha ya kumbukumbu. Msimamizi mgeni wa kazi huandika kwamba mama hakuonyesha kujali, sentensi ambayo wakili wa upande wowote ataigeuza atakavyo, hali yule aliyefunzwa huandika kwamba mama alifika saa 10:12 jioni kwa ziara ya saa 10:00, kwamba mtoto alipojikwaa kwenye zulia alimtazama mama kabla ya kulia, na kwamba mama alimwinua, akampuliza goti na kumwuliza anaumwa wapi. Maelezo ya pili hayamtetei mama wala hayamhukumu, kwani dakika 12 za kuchelewa zimo, na goti lililopulizwa limo pia. Kiongozi anayesoma kumbukumbu za timu yake kila wiki, akipiga mstari chini ya kila neno lililotoa hukumu badala ya kueleza tendo, anamlinda mtoto sawasawa na anayefunga mlango wa chumba.

Ugumu huongezeka lugha ya familia inapokuwa ngeni kwa msimamizi, na hapa Kiswahili kina sehemu yake, kwa kuwa wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wao husema Kiswahili, wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni. Mama wa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, anayemwita mwanawe wa miaka minne “baba” anamdekeza kwa jina la heshima, ila msimamizi asiyeijua desturi hiyo anaweza kuandika kwamba mama amemtwisha mtoto nafasi ya mtu mzima. Vilevile mtoto anayeinamisha macho anapozungumza na mkubwa anaweza kuandikwa kuwa amejitenga, kumbe ameshika adabu aliyofundishwa. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 huwataka wanaopokea fedha za serikali kuu wasimbague mtu kwa asili yake, na wajibu wa kutoa wakalimani hutokana nayo. Kiongozi hupaswa kumpanga mkalimani mapema kama anavyopanga gari, na kumkataza msimamizi kumtumia dada wa miaka kumi kama mkalimani wa maneno ya mamaye. Kumwamuru mama aseme Kiingereza tu ili msimamizi aelewe ni kumpunguzia saa zake kwa njia nyingine, kwa kuwa mtoto anayeishi na familia isiyojua Kiswahili tangu umri wa miaka mitatu huenda akaisahau lugha ya mamaye kabla shauri halijamalizika.

Utegemezo ni jukumu la tatu, na ndilo linaloahirishwa kwa urahisi zaidi. Msimamizi husikia vilio vya kuagana siku baada ya siku, na wanataaluma huita madhara yake kiwewe cha kushuhudia, maana yake jeraha la nafsi linalompata mtu kwa kuyaona maumivu ya wengine bila kuwa na uwezo wa kuyaondoa. Dalili zake huonekana kwanza katika maandishi, ambayo hugeuka mafupi, makavu na yanayofanana, au huanza kumlaumu mzazi kwa kila jambo. Wakati huohuo simu za walezi wa kambo humfikia kiongozi, zikieleza kwamba mtoto amekojoa kitandani baada ya ziara na kuomba ziara zipunguzwe. Kiongozi aliyeielewa kazi ya Robertson hamjibu mlezi kwa ubishi wala kwa kumkubalia haraka. Humweleza kwamba kilio baada ya kuagana chaweza kuwa alama ya mfungamano ulio hai, kisha hukagua kumbukumbu za ziara kadhaa kuona kama kuna jambo chumbani linalomtisha mtoto, na mashaka yakibaki huyapeleka kwa mahakama na afisa wa ustawi wa jamii, ambao ndio wenye mamlaka ya kubadili ratiba.

Afrika Mashariki nayo imeanza kuelekea kwenye maswali haya. Tanzania iliyapa malezi ya kambo nafasi katika Sheria ya Mtoto ya 2009, na Kenya, iliyopitisha Sheria ya Watoto ya 2022, ina mkakati wa miaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika malezi ya familia. Afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya hatakuwa na chumba chenye midoli na madereva wa zamu, lakini atakuwa na daftari, na daftari hilo ndilo litakalopelekwa mahakamani. Katika kumbukumbu nyingi hukutwa mstari mmoja unaosema “Ziara haikufanyika”, ambao mbele ya hakimu husomeka kana kwamba mama hakutokea. Kiongozi anayejua kazi yake haupokei mstari huo mpaka aliyeuandika aongeze kwamba mama alikuwepo saa 10:00 kamili, na kwamba gari ndilo lililokosekana.