Mitandao isiyo na mnara: Kasi ya dukani si kasi ya hewani

MFANYABIASHARA anayetafuta vyombo vya mawasiliano visivyotumia waya huulizwa dukani anataka kasi gani. Haulizwi nani atakayegawa zamu ya kurusha, na zamu ndiyo inayoamua kasi ipi ataipata.

Vyombo viwili vikirusha habari pamoja kwenye masafa yale yale, habari hugongana na kupotea. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao wa redio wa ALOHA. Kanuni yake: ukiwa na habari rusha, ikigongana, subiri kidogo urushe tena. Hesabu zilionyesha kuwa kwa mtindo huo hata masafa yakijaa, hayawezi kufikisha zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande, na kila chombo kirushe mwanzoni mwa kipande tu. Kiwango hicho kikapanda hadi karibu asilimia 37. Ni maradufu, na masafa ni yale yale.

Kwenye simu za mkononi mnara ndio mgawa zamu. Taabu iko pale vyombo vinapopokezana habari vyenyewe huku vikihama, kama katika msafara wa magari au vikosi vya uokoaji. Gari la mbele na la nyuma yote husikilizana na la kati, lakini yenyewe hayasikiani. Kila moja hudhani njia ni tupu, hurusha, na la kati haliambulii kitu. Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi walilieleza tatizo hilo mwaka 1975.

Dawa mojawapo ni kuomba ruhusa kwanza, na jibu la gari la kati husikika pande zote mbili. Dawa nyingine ni ratiba: kila chombo kina kipande chake cha muda, na vilivyo mbali vya kutosha hutumia kipande kimoja bila kugongana. Ratiba hushinda vyombo vikiwa vingi na vimetulia. Vikianza kuhama, jirani wa asubuhi si wa mchana. Ratiba hupangwa upya, na kupanga huko nako hula masafa. (Wauzaji hawapendi kulitaja hili.) Isitoshe, habari inayopokezwa mara tatu hutumia hewa mara tatu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtake muuzaji awashe vyombo kumi kwa pamoja, vikiwa mwendoni, apime kasi mbele yako. Kipimo cha vyombo viwili vilivyokaa mezani hakikusaidii.