Wakati Mukono Unakuwa Mufupi: Macho Yetu Nyuma ya Miaka 40



Wewe papa uliyepita miaka 40, angalia namna unavyoshika ukurasa huu. Umeusogeza mbali? Na wewe mama mushonaji, siku hizi unaita mutoto akutilie uzi ndani ya sindano? Basi habari hii ni yako.

Wengine wanasema: «Ni juu ya vumbi la mine», ao «Wameniroga.» Hapana! Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ndogo. Kijana akitazama kitu cha karibu, lenzi hiyo inavimba kidogo, na herufi zinaonekana wazi. Miaka ikipita, inakuwa ngumu, haivimbi tena vizuri. Waganga wanaita hali hii presibiti. Inaanza karibu na miaka 40 ao 45, na inafikia kila mutu, tajiri na masikini.

Vipi lenzi za kubandika?

Vijana wanatuuliza: «Papa, kuna lenzi nyembamba za kubandika juu ya jicho, zinaonyesha karibu na mbali pamoja. Juu ya nini usitafute hizo?» Ulizo ni zuri.

Lenzi hizo, zinazoitwa multifokali, ziko na miviringo. Kwa nyingi, katikati inaonyesha karibu, kandokando inaonyesha mbali. Kwa zingine ni kinyume. Picha zote mbili zinaingia jichoni kwa mara moja, na ubongo unajifunza kuchagua. Zinasaidia kweli: watu wengi wanaozivaa wanasoma telefone na gazeti bila miwani.

Lakini kila kitu kiko na bei yake. Kwa sababu nuru inagawanyika, hakuna picha inayokuwa kali kabisa. Herufi ndogo sana, ao taa hafifu wakati umeme unakatika, zinashinda wengi. Usiku, taa za motokari zinaweza kuonekana na duara la mwanga. Shofere wa barabara ya Likasi afikiri jambo hilo mbele. Tena zinaomba mikono safi na dawa yake ya kusafishia kila siku. Maji ya robine ao ya kisima yasiziguse kamwe, wala usilale nazo: vijidudu vinaweza kuharibu jicho. Na kwa yule anayeshinda ndani ya vumbi la madini, hazifai.

Dawa ya zamani ingali na nguvu

Miwani ya kusomea, ile maluneti ya kawaida, inaonyesha karibu kwa ukali zaidi, na kwa feza kidogo. Ubaya wake ni kuivaa na kuivua. Tena haidhoofishi macho, kama wengi wanavyoogopa: jicho linazeeka, na miwani ao bila miwani.

Kule Kongwa, Tanzania, uchunguzi uliotolewa 2006 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 40 na zaidi, karibu 62 walikuwa na presibiti. Wenye miwani walikuwa wachache sana. Mu 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu watu milioni 826 wasioona karibu vizuri kwa kukosa musaada huo tu. Na kule Assam, Uhindi, wavunaji wa majani ya chai walipewa miwani. Matokeo yalitoka 2018: kazi yao ilipita ya wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Fikiri basi mushonaji wa Katuba, fundi wa saa, ao mwalimu anayesahihisha madaftari!

Basi, papa, usifiche jambo hili kazini, wala usiache kazi ya mikono yako. Na mbele ya kununua maluneti sokoni, mwone munganga wa macho. Glokoma inakula macho polepole bila maumivu, na miwani haiwezi kuizuia. Akikuta macho ni mazima, atakuambia namba yako.

Na ninyi vijana, musicheke muzee anayenyoosha mukono ili asome. Mwongozeni kwa munganga.