Lugha ya Onyo: Programudhibiti ya Majokofu ya Chanjo Kusini mwa Maniema

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili waitajapo Kasongo, aghalabu humkumbuka Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeufanya mji huo kuwa makao yake, pamoja na Kingwana kilichosalia Kasongo na Kabambare baada ya misafara ya karne ya 19. Wataalamu wa afya huikumbuka kwa jambo jingine. Katika miaka ya 1970 palikuwa na mradi wa afya ya msingi huko, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Na mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Chanjo isiyohifadhiwa baridini haina faida. Kwa hiyo suala la jokofu si geni Kasongo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kifaa kidogo chenye mawasiliano kinavyoweza kulinda jokofu la chanjo, na kuonyesha kwamba lugha ya onyo lake ni sehemu ya uhandisi wenyewe, wala si pambo la kuongezwa mwishoni.

Maunzi na programudhibiti

Kifaa hiki kina pande mbili. Upande wa kwanza ni maunzi: kihisio cha joto kinachowekwa kati ya vichupa vya chanjo, kompyuta ndogo mno ya kipande kimoja, kumbukumbu, betri, na redio ya simu yenye kadi yake. Upande wa pili ni programudhibiti, yaani maagizo yaliyotiwa ndani ya maunzi na kubaki humo hata umeme ukikatika. Programu hii haimngoji mtu aifungue. Huanza mara kifaa kipatapo umeme, na kazi yake ni ile ile daima: huamka, hupima, hulinganisha, huandika, hulala.

Katika kulinganisha ndimo penye uzito. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya virekodi joto vya siku 30, onyo hutolewa joto likizidi nyuzi 8 kwa muda wa saa 10, au likifika nyuzi 0.5 chini ya sifuri au kushuka zaidi kwa dakika 60. Mbona upande mmoja umepewa saa 10 na wa pili dakika 60 tu? Ni kwa kuwa joto hudhoofisha chanjo polepole, ilhali barafu huziharibu upesi chanjo zenye chumvi za alumini, kama ile ya pepopunda, na zikishaharibika hazirudi katika hali yake.

Mbali na fundi

Kifaa kilichopelekwa Kabambare hakina fundi jirani, na wakati wa mvua barabara za Maniema hazimruhusu kufika kwa haraka. Hivyo mhandisi hana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, kifaa kiandike kabla ya kutuma, ili mtandao ukipotea kwa siku kadhaa habari zisipotee nao. Pili, ndani ya maunzi kuwe na saa ya ulinzi ambayo programudhibiti huirudisha nyuma kila mara; programu ikikwama, saa hiyo hufika mwisho na kukiwasha kifaa upya. Tatu, programudhibiti mpya ikitumwa kwa mbali, ile ya zamani isifutwe mpaka mpya ithibitike kuwa kamili. La sivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, kifaa hubaki jiwe.

Kutia kadi ya simu ndani ya kifaa si jambo jipya katika kanda hii. Kampuni ya M-KOPA ya Kenya, iliyoanza kuuza mitambo ya jua mwaka 2012, iliitumia kadi hiyo kuruhusu au kuzuia mtambo kufanya kazi kwa kadiri ya malipo ya mteja.

Maneno ya onyo

Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160. Lakini herufi za alfabeti hiyo ya simu hazina ê ya Kifaransa. Neno kama "arrêt" likiandikwa sawasawa, ujumbe wote hushuka hadi herufi 70. Kiswahili, kisichotumia alama juu ya herufi, hutumia nafasi yote. Hapa lugha yetu ina faida ya kihandisi.

Hata hivyo, nafasi peke yake haitoshi. Tuseme kifaa kinaandika: "Chanjo imeganda." Damu huganda, maziwa huganda, na nguo mbichi huganda mwilini. Zaidi ya hayo, chanjo iliyokuwa barafu usiku huwa imeyeyuka asubuhi. Mwuguzi atafungua jokofu, aone maji matupu, aamue kuwa kifaa kimesema uongo, kisha achanje kwa dawa iliyokufa. Mtoto atahesabiwa kuwa amekingwa, kumbe sivyo.

Ujumbe ulio bora ungekuwa: "Frigo ilishuka chini ya sifuri usiku. Usichanje kwanza. Pima kwa kutikisa." Kipimo hicho hulinganisha kichupa kinachoshukiwa na kingine cha toleo lile lile kilichogandishwa makusudi na kuyeyushwa, kile kinachoshukiwa kikitua masimbi upesi sawa na hicho, kitupwe. Tumesema "frigo" wala si "jokofu" kwa kuwa ndilo neno wanalolizoea wasemaji wa Kongo. Kamusi ina mahali pake. Onyo lina saa yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba programudhibiti huamua mambo mawili: lini kifaa kiseme, na kiseme nini. La kwanza limewekewa viwango vya kimataifa. La pili bado linawasubiri wanaisimu wa Kiswahili, nao wanapaswa kukaa meza moja na mhandisi na mwuguzi wa Kasongo kabla kifaa hakijatoka kiwandani.