Ujira wa Madereva wa Malori katika Marekani

Katika nchi ya Marekani mizigo mingi huchukuliwa kwa malori, na dereva wa safari ndefu hupita majimbo mengi kabla ya kurudi kwake, pengine baada ya majuma mawili au matatu. Jambo ambalo huwastaajabisha wageni ni jinsi anavyolipwa. Madereva wengi wa safari hizo hawalipwi kwa siku wala kwa mwezi, bali kwa maili. Gurudumu likizunguka, ujira huingia. Likisimama, ujira nao husimama.

Tuseme dereva amepatana na tajiri wake senti 60 za dola kwa kila maili. Akienda maili 600, yaani mwendo kama wa kutoka Mombasa hadi Nairobi na kurudi, atapata dola 360. Lakini akifika ghalani asubuhi, akaambiwa angoje hadi alasiri ndipo mzigo wake upakuliwe, huenda siku ile asipate kwenda zaidi ya maili 200. Basi atapata dola 120, ingawa yuko kazini tangu alfajiri. Kwa desturi wenye ghala hungojewa saa 2 bila kutozwa kitu. Baada ya hapo mwenye lori aweza kudai malipo ya kungojeshwa, lakini si kila mara fedha hizo humfikia dereva.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilitoa sheria iliyoipa tume ya Serikali uwezo wa kuweka kikomo cha saa za madereva, kwa ajili ya usalama wa barabarani. Mwaka 1938 ikatoka sheria nyingine, ya ujira, iliyoamuru kwamba mfanyakazi akipita saa zake za juma alipwe mara moja na nusu kwa kila saa ya ziada. Madereva waliokuwa chini ya ile sheria ya kwanza waliachwa nje, kwa kuwa saa zao zilikuwa tayari mikononi mwa tume. Hata leo sheria hiyo ya ziada haijawaingiza.

Siku hizi kanuni yasema hivi: dereva wa lori la mizigo akiisha kupumzika saa 10 mfululizo, aweza kuendesha saa 11, lakini zote ziwe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Saa hizo 14 kwa kawaida hazisimami. Basi yule aliyengojeshwa ghalani saa 6 hakupoteza ujira tu, bali pia sehemu ya muda aliopewa na sheria wa kuutafuta ujira huo. Hapo ndipo hatari inapozaliwa. Akitoka ghalani ana haraka, naye amechoka.

Zamani saa ziliandikwa kwa kalamu katika daftari, na dereva aliyeendesha saa 15 aliweza kuandika 10. Madereva wenyewe walizifanyia mzaha daftari hizo, wakiziita vitabu vya katuni. Kwa sababu hiyo Serikali iliamuru kwamba tangu Desemba 2017 malori mengi yawe na chombo cha elektroniki kilichounganishwa na injini, kinachoandika saa chenyewe. Wachunguzi wa vyuo vikuu waliotazama hesabu za baadaye waliona kwamba uvunjaji wa kanuni za saa ulipungua sana. Ajali, hata hivyo, hazikupungua, na madereva wa makampuni madogo walionekana kuzidisha mwendo. Si ajabu. Chombo kile huhesabu saa, lakini hakikubadili hesabu ya mfukoni.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeligusa jambo hili kwa njia nyingine. Huko dereva huendesha saa 9 kwa siku, na mara mbili kwa juma aweza kufikisha 10. Tena baada ya saa 4 na nusu yampasa kupumzika dakika 45. Zaidi ya hayo, kanuni ya mwaka 2006 yakataza kampuni kumlipa dereva kwa urefu wa safari au wingi wa mizigo, ikiwa malipo hayo yaweza kuhatarisha usalama wa barabara au kumshawishi avunje kanuni za saa. Sheria ya Serikali Kuu ya Marekani haina katazo la namna hiyo.