Mtu wa Joun na Namba 170

Mwezi Agosti 2008, watafiti wa mashine ya Tevatron, karibu na jiji la Chicago, walitangaza kwamba chembe ya Higgs, iliyokuwa ikisakwa kwa miongo kadhaa, haiwezi kuwa na uzito wa GeV 170. (Kwa kipimo hicho, protoni ina uzito wa karibu 1.) Kwa wanafizikia wengi hiyo ilikuwa hatua moja tu katika msako mrefu. Kwa Ali Chamseddine wa Beirut na Alain Connes wa Paris lilikuwa pigo, maana 170 ilikuwa namba yao. Waliipata kwa hesabu, kutoka katika jiometri waliyokuwa wakiijenga pamoja tangu 1996.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na katika kazi zote za kutafuta umbo la ulimwengu hakuna niliyoifuatilia kwa hamu kama hii. Mzizi wake umo kwenye mada ya matrisi, ile ile tunayoifundisha Kidato cha Nne. Tunawaambia wanafunzi kwamba A mara B si lazima iwe sawa na B mara A. Wanaandika daftarini, wanajibu mtihani, yanaishia hapo. Lakini hebu weka kitabu mezani, jalada juu, kama unayetaka kukisoma. Kizungushe robo duara kufuata mishale ya saa, kikiwa kimelala vilevile. Kisha inua ukingo wa mbali mpaka kisimame, jalada likikutazama. Maandishi yamelala ubavu. Rudia tena, ila safari hii anza kwa kukisimamisha, ndipo ukizungushe. Maandishi sasa yako wima, lakini jalada halikutazami, limegeukia kushoto. Vitendo ni vilevile viwili. Kilichobadilika ni kipi kimetangulia.

Mwaka 1925 Werner Heisenberg aliona tabia hiyo katika hesabu za atomu, na Max Born akatambua kwamba hesabu zile ni matrisi. Mahali ilipo chembe na mwendo wake havizidishwi kwa mpangilio wowote unaotaka. Ukivipindua, jibu hubadilika kidogo, na katika hicho kidogo ndimo ilimozaliwa fizikia ya kwanta. Mwaka 1947 Hartland Snyder, Mmarekani, akaenda mbali zaidi: vipi kama vipimo vya mahali peke yake, kushoto-kulia na mbele-nyuma, navyo vinajali kipi kimetangulia?

Swali hilo lina sababu nzito. Ili uone kitu kidogo unahitaji nishati kubwa. Ukishuka hadi kipimo cha Planck, ambacho kwa mita ni desimali yenye sifuri 34 kabla ya tarakimu ya kwanza, nishati unayohitaji ni nyingi kiasi cha kuumba shimo jeusi, nalo litakimeza kile ulichotaka kukiona. Kwa hiyo, nukta isiyo na ukubwa, tunayoichora ubaoni kila siku, huenda haipo kabisa katika maumbile. Connes, aliyepata Medali ya Fields mwaka 1982, aliwapa wanahisabati namna ya kuishi bila nukta. Katika jiometri yake isiyobadilishana unaanza na aljebra, si na mahali. Na hata aljebra hiyo ikiwa ya matrisi, ambamo nukta za kawaida hazimo tena, umbali na mpindo bado vinahesabika.

Chamseddine aliifikia jiometri hii kwa njia ndefu. Alizaliwa mwaka 1953 katika mji mdogo wa Joun, Lebanon, akasoma Chuo Kikuu cha Lebanon, akapata ufadhili wa kwenda Imperial College, London. Alimaliza udaktari mwaka 1976 chini ya Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Tuzo ya Nobel miaka mitatu baadaye. Nyumbani vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, na havikwisha mpaka 1990. Alipitia Trieste, Italia, kwenye kituo alichokianzisha Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Waafrika wengi wamepita hapo pia, na tangu 2018 kituo hicho kina taasisi dada Kigali. Kijana wa kwetu mwenye ndoto hizi aijue.

Mwaka 1982 Chamseddine, Richard Arnowitt na Pran Nath walitoa nadharia ya mvutano iitwayo supagraviti, iliyotabiri chembe mpya, ambazo mpaka leo hazijaonekana kwenye mashine yoyote. Mwaka 1993, akiwa Zürich, aliandika na Giovanni Felder na Jürg Fröhlich juu ya nguvu ya mvutano ndani ya jiometri ya Connes. Kisha akakutana na kazi ya maisha yake.

Mpiga ngoma hahitaji kutazama ili atofautishe chapuo na msondo. Sauti inamwambia ukubwa na umbo. Chamseddine na Connes walisema vivyo hivyo juu ya ulimwengu: hesabu sauti zote za nafasi zilizo chini ya kiwango fulani, na hesabu hiyo ndiyo sheria ya fizikia. Kanuni nzima inaandikika kwa mstari mmoja. Waliichukua nafasi ya kawaida tuliyomo, wakaiambatanisha na kijinafasi kilichoundwa kwa matrisi chache tu, wakapiga hesabu. Ikatoka milinganyo ya Einstein ya mvutano. Zikatoka nguvu ya sumaku-umeme na nguvu mbili za kiini cha atomu. Ikatoka na Higgs, ambayo kwingine huongezwa kwa mkono, lakini humu hujitokeza kama kipimo cha umbali ndani ya kile kijinafasi. Pamoja nayo ukaja uzito wake: kati ya GeV 160 na 180, ile 170 ikiwa katikati.

Tarehe 4 Julai 2012, mjini Geneva, Higgs ilitangazwa kuonekana. Uzito wake ni karibu GeV 125.

Wiki chache baadaye Chamseddine na Connes walichapisha makala fupi. Ndani ya fomula zao mlikuwa na uga mwingine (kitu chenye thamani kila mahali katika nafasi), unaohusiana na uzito wa chembe iitwayo neutrino, na wao wenyewe walikuwa wameuandika kabla Higgs haijaonekana. Katika kukokotoa uzito wa Higgs hawakuujali. Walipouacha ubadilike kama uga mwingine wowote, 125 ikakubalika. Walikiri waziwazi kwamba walikosea kuuacha nje.

Wapo wanaosema huko ni kurekebisha jibu baada ya kuona majibu ya nyuma ya kitabu. Hoja hiyo naiheshimu, na sehemu yake ni kweli: 125 haikutabiriwa, ilikubalika tu, na uga wenyewe uko mbali mno kufikiwa na mashine tulizo nazo. Lakini namtetea Chamseddine kwa jambo moja. Hakuongeza kitu. Alirudi kwenye mstari wake mwenyewe wa hesabu akakuta alichokiruka. Mimi ninayesahihisha madaftari najua tofauti kati ya mwanafunzi anayebandika jibu na yule anayepata hatua aliyoiacha.

Kilichonisumbua zaidi ni zile matrisi. Zilichaguliwa na watu waliokwisha jua ni nguvu zipi zipo duniani, na jibu linalotoka kwa kuchagua hivyo halinishangazi sana. Mwaka 2014, Chamseddine, Connes na Viatcheslav Mukhanov wa Munich walionesha kwamba ukiiwekea nafasi mlinganyo mmoja, unaofanana na ule wa Heisenberg kati ya mahali na mwendo, ujazo wake huja kwa vipande vya ukubwa wa Planck, na matrisi za namna ileile inayohitajika huibuka zenyewe. Hiyo kwangu ni nusu ya jibu. Nusu nyingine bado haijaandikwa: katika kanuni ile ya mstari mmoja mvutano ungali ule wa Einstein wa mwaka 1915, na hakuna aliyefanikiwa kuugeuza uwe wa kwanta kamili, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya mwisho.