Motokari Nyeusi Yenye Kengele

Kila akaaye mjini siku hizi anajua sauti ya king'ora cha polisi. Lakini katika mji wa London, miaka ile iliyofuata vita ya 1939-1945, mwizi aliyekimbia na mali ya watu hakusikia king'ora nyuma yake, bali kengele. Ilikuwa kengele ya chuma chenye kung'aa, imefungwa mbele ya motokari nyeusi, karibu na bampa, nayo ililia kwa nguvu ya umeme. Watu walipoisikia walisogea kando ya njia, na motokari ya polisi ikapita mbio.

Nyingi katika motokari hizo zilikuwa za aina iitwayo Wolseley 6/80. Leo hakuna polisi azitumiaye kazini. Lakini zimebaki chache, na mafundi wenye subira wanazirudisha katika hali yake ya kwanza, kwa vipuri vyake vya asili. Twataka kuwaeleza kazi hiyo, kwa maana ndani yake mna swali limpasalo kila mtu atengenezaye kitu cha zamani: tufanyeje ili kitu kipone, lakini kisiseme uongo?

Asili yake

Jina la Wolseley lilianza kwa kondoo. Frederick Wolseley alikuwa mtu aliyeunda mashine ya kukata manyoya ya kondoo huko Australia. Kampuni yake ikahamia Uingereza, na msimamizi wake mmoja, Herbert Austin, ndiye aliyeanza kujaribu kuunda motokari mjini Birmingham, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho. Baadaye kampuni ilifilisika, na mwaka 1927 ikanunuliwa na William Morris, mwenye viwanda vya motokari vya Oxford.

Motokari ya 6/80 ilianza kuuzwa mwaka 1948, ikakoma kuundwa mwaka 1954. Injini yake ina silinda 6 na kabureta mbili, na ujazo wake ni sentimita 2215 za ujazo. Iliweza kwenda kama kilomita 130 kwa saa, mwendo mkubwa kwa siku zile. Mbele, juu ya wavu wa rejeta, paliwekwa alama ndogo yenye jina la Wolseley, nayo iliwaka usiku pamoja na taa. Basi mhalifu aliyeona nuru hiyo ndogo katika kioo chake alikuwa na sababu ya kutetemeka.

Nguvu ya motokari hiyo haikuwa mbio tu. Tangu mwaka 1934 polisi wa London walikuwa na chumba kimoja cha kupokea habari na kuzigawa kwa redio. Tena, mwaka 1937 namba ya simu 999 ilianza kutumika mjini humo, ili mtu aliye hatarini aweze kuita msaada upesi. Mama aliyesikia mlango wake ukivunjwa usiku alipiga simu, habari ikapita katika redio, na motokari iliyo karibu ikaja. Kwa hiyo kengele iliyowatisha wabaya iliwatuliza wema.

Matundu yenye ushuhuda

Motokari ya polisi hufanya kazi ngumu, wala haizeeki kwa upole. Muda wake ulipokwisha iliuzwa kwa raia. Lakini kabla ya kuuzwa, vyombo vya kazi viliondolewa: kengele, redio, na bango lenye neno POLICE. Matundu ya skrubu yakazibwa, rangi ikapakwa juu yake. Mnunuzi aliitumia kwa safari za nyumbani mpaka ikachoka, kisha ikalala katika banda au chini ya miti, ikawa makao ya kuku na panya.

Basi fundi mwenye hekima, aipatapo motokari ya namna hiyo, haanzi kwa nyundo. Huanza kwa macho. Hupiga picha kila upande, huandika namba ya bodi na ya injini, husoma kitabu cha motokari ili kujua ni nani aliyekuwa mwenye mali wa kwanza. Kisha hukwangua rangi polepole. Tundu lililozibwa paani laweza kuonyesha mahali pa mlingoti wa redio. Matundu mawili karibu na bampa yaweza kuwa mahali pa kengele. Rangi nyeusi chini ya rangi ya kijivu ni neno jingine la ushuhuda.

Kazi hiyo ni ya lazima, kwa maana wako watu wasiopenda njia ndefu. Hununua 6/80 iliyokuwa ya raia, hupaka rangi nyeusi, hufunga kengele, kisha huiuza kwa bei kubwa wakisema, "Hii ilikimbiza wezi." Si vibaya kufanya mfano wa motokari ya polisi kwa ajili ya sinema au sikukuu, iwapo mwenyewe anasema wazi kwamba ni mfano. Ubaya ni kuuza mfano kwa jina la kitu halisi. Wazee walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Na hapa yaweza kuishia kwenye tundu moja la skrubu lisilokuwapo.

Usipoziba ufa

Motokari nyingi za zamani zilikuwa na mihimili mizito ya chuma chini, na bodi iliwekwa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Lakini 6/80 haina mihimili ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote. Kwa hiyo kutu chini ya milango si doa la aibu tu; ni ugonjwa wa mifupa.

Fundi mvivu huziba kutu kwa unga wa kuzibia, akaulainisha na kupaka rangi. Kwa macho kazi ni nzuri, lakini ndani hamna nguvu. Fundi mwaminifu hukata bati lote lililooza mpaka afikie chuma kizima, kisha huunga bati jipya lenye unene ule ule. Wala hakati zaidi ya lazima. Pahali palipobaki rangi ya kiwandani, kama vile ndani ya buti au chini ya mazulia, huiacha ilivyo, ili watakaokuja nyuma waione.

Vipuri vyatoka wapi?

Jina la Wolseley lilikoma kuwekwa kwenye motokari mpya mwaka 1975. Basi hakuna duka la kampuni ambamo mtu aweza kuingia na kuomba mlango wa 6/80. Wapenzi wa motokari hizo wameunda vyama vyao, wanaandikiana na kupashana habari za vipuri. Tena kuna masoko makubwa ya vyuma vya kale, kama lile la Beaulieu, kusini mwa Uingereza, lililoanza mwaka 1967. Huko mtu aweza kutembea siku nzima akitafuta taa moja, akarudi na saa ya usukanini ambayo hakuitazamia.

Njia nyingine ni undugu. Motokari iitwayo Morris Six iliundwa na kampuni zile zile katika miaka ile ile, na injini yake ni ya jamii moja na ile ya 6/80. Kwa hiyo iliyokufa humpa mwenziwe viungo. Lakini hapo pia yafaa kupima. Kuvunja motokari iliyokwisha kuoza ili kuponya nyingine ni jambo la akili. Kuvunja Morris nzima, ambayo nayo imekuwa adimu, kwa kutaka kifuniko kimoja tu, ni kuua ndugu ili kumvika ndugu.

Je, cha asili ni bora daima?

Sasa tufike kwenye fundo la habari. Watu wengi hufikiri kwamba kila kipuri cha asili ni kizuri kuliko kipya. Sivyo.

Tuanze na injini. 6/80 ilijulikana kwa kosa moja: valvu zake za kutolea moshi ziliungua mapema, hasa zilipoendeshwa kwa nguvu. Dawa yake ni valvu zilizopakwa chuma kigumu sana. Tena, petroli ya siku zile ilitiwa risasi, ambayo ililinda makalio ya valvu. Katika Uingereza petroli hiyo iliondolewa katika uuzaji wa kawaida mwanzoni mwa mwaka 2000. Basi atakayefunga vyuma laini vya mwaka 1950 na kutumia petroli ya leo atakuwa ameheshimu asili na kuharibu injini.

Tazameni na breki. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake laweza kuleta ugonjwa mkubwa wa mapafu na hata saratani. Mtu akivikuta vipya ndani ya sanduku lake la kwanza asifurahi. Asivifunge, wala asipulize vumbi la breki kuukuu kwa hewa. Ndivyo ilivyo kwa mipira ya magurudumu pia: mpira uliokaa miaka mingi hukauka na kupasuka, hata kama meno yake hayajalika.

Basi kanuni ni ipi? Mafundi wenye busara hufuata hii: chenye ushuhuda kihifadhiwe, chenye kubeba uhai wa watu kiwe imara. Kengele, alama yenye nuru, viti vya ngozi vilivyochakaa, usukani uliolainishwa na mikono ya askari wengi, hivyo ni kumbukumbu. Mtu akivitupa, hakuna wa kuvirudisha. Lakini breki, mipira na valvu vyapaswa kufanya kazi leo, maana watoto wanaovuka njia leo ni wa leo. Na kila kilichobadilishwa kiandikwe katika daftari, na cha zamani kitunzwe katika sanduku lenye jina lake. Shirika la ulimwengu la motokari za kale, liitwalo FIVA, nalo limetoa hati yake, iitwayo Hati ya Turin, yenye mafundisho ya namna hiyo: kutunza kwanza, kubadili kidogo, na kuandika yaliyofanywa.

Mavazi ya askari

Liko jambo moja la mwisho. Motokari ikiisha kupona, mwenyewe hutamani kuipeleka njiani na kupiga kengele. Lakini sheria ya Uingereza hairuhusu raia kupiga kengele au king'ora cha polisi barabarani, wala kuwasha taa ya buluu. Kwa sababu hiyo wengi hufunika bango la POLICE kwa kitambaa waendapo safari, na kengele hukaa kimya mpaka wafike kwenye maonyesho.

Wengine huona sheria hiyo kuwa ngumu. Sisi twaiona kuwa ya haki. Ishara ya polisi ni ahadi kwa watu: "Pisheni, mtu yuko hatarini." Ikichezewa na kila mmoja, siku ya hatari hakuna atakayepisha. Kengele ile ilikuwa na thamani kwa sababu haikulia bure.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi mnaojifunza ufundi, huenda hamtaiona Wolseley nyeusi katika maisha yenu. Lakini mtapewa kazi mikononi: mlango, mashine, labda nyumba ya babu. Mtakuwa na unga wa kuficha kutu, na mtakuwa na msumeno wa kuikata. Mwenye mali hatajua siku ile ni kipi mlichotumia. Miaka itajua.